Kola za Bi Nusu

Mashine ya kukatia vitambaa ilinichukua vidole viwili na nusu vya mkono wa kushoto, mwaka ambao mwanangu wa mwisho alianza kutambaa. Miezi mitano nilikaa nyumbani nikijifunza upya kumfunga mtoto nepi, kumenya viazi, kufunga vifungo vya gauni. Siku niliyorudi kwenye karakana yetu ya ushonaji, mafundi wenzangu walinipokea kama wako msibani. Nikawaambia, jamani, nimerudi nusu, lakini ni ile nusu inayofanya kazi. Walicheka mpaka wakafuta machozi, na tangu hapo nikawa Bi Nusu.

Nikapewa kola za mashati ya shule. Kola hushonwa ndani nje, kisha hugeuzwa, na ncha zake husukumwa zitoke kali. Wengine husukuma kwa mkasi. Mimi nilitumia kile kipande cha kidole cha shahada kilichobaki: kigumu, hakina kucha, kimechongoka kidogo kama ncha ya yai. Kiliingia kwenye pembe ya kola bila kugusa uzi. Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikigeuza kola hivyo.

Ndipo akaja msimamizi mpya, dada wa umri wa binti yangu wa kati, akabandika karatasi ukutani: marufuku kumwita mtu kwa kasoro ya mwili wake. Karakana ikapoa. Fundi wa vifungo, mtani wangu wa siku zote, akaanza kuniita mama mwenye changamoto ya mkono, na mpaka amalize kuniita chai yangu imeshapoa.

Jumatatu iliyofuata nikakuta binti mgeni kwenye kiti changu. Nikaelezwa kwa heshima zote kwamba nihamie meza ya kukunja mashati, mkono upumzike. Sijawahi kuchoka kama wiki ile ya kupumzishwa.

Nikiwa nakunja, nikaanza kuona vitundu kwenye ncha za kola. Katika mashati thelathini, kumi na moja yametoboka. Yule binti alikuwa anasukuma kwa mkasi, na aliogopa kuniuliza mimi nilikuwa nafanyaje, maana kuuliza ni kutaja kidole changu.

Damu ikanichemka. Saa ya chakula nikapanda kigoda niichane ile karatasi. Mpiga pasi akaja akakishika kigoda kisiyumbe. Ni mtu mfupi sana, nasi wote tulimwita Kibiriti. Nikadhani amekuja kunisaidia.

“Dada, iache,” akasema.

Nikashangaa. Nikamwambia jina lake tumelicheka miaka yote pamoja.

“Mlicheka nyinyi. Wewe jina lako ulijipa. Mimi langu nilipewa mlangoni, siku ya kwanza, hata sijaweka mfuko chini. Juzi mke wangu kaniletea funguo hapa, na hakuna aliyeniita vile mbele yake. Hujui nililala vipi siku ile.”

Nilishuka kigoda polepole. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo mara ngapi kwa siku, sijui.

Nikachukua yale mashati kumi na moja na kola moja ambayo haijageuzwa, nikaenda kwa msimamizi. Akaanza kunieleza habari za afya yangu huku akitazama kalenda.

“Mwanangu, utazame mkono,” nikamwambia.

Akautazama. Nikaigeuza kola mbele yake, ncha ikatoka kali, nzima. Nikamwambia hicho ndicho kidole kilichokuwa kinamtengenezea kola, naye amekipeleka kukunja mashati.

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kaka yake alikuwa anachechemea, na mtaani walimwita kwa mguu wake mpaka akaacha kutoka nje. Aliapa kwamba mahali atakaposimamia yeye, halitatokea hilo.

“Basi karatasi ibaki,” nikasema. “Lakini kabla hujanihurumia, niulize.”

Akashika kalamu. “Nakuuliza, mama. Uitwe nani, na ukae wapi?”

“Bi Nusu. Dirishani.”

Kesho yake chini ya karatasi palikuwa na mstari mmoja wa kalamu: Muulize mwenyewe. Mpiga pasi alipoulizwa aliomba muda. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba yeye ni Mkurugenzi wa Pasi, akacheka wa kwanza, nasi tukafuata.

Yule binti nikamwekea kiti pembeni yangu. Nilikuwa nimemsugulia kijiti kwa msasa, jioni mbili, mpaka kikafanana na kidole changu. Akakijaribu, ncha ikatoka nzima. Akautazama mkono wangu bila kukwepa, akauliza kama kidole kiliuma kilipokatwa.

Nikamwambia kiliuma sana, avute kiti nimsimulie.