Katani Nyeupe

Katika bonde zima la Usangu hakukuwa na mtu aliyeujua mkonge kuliko mimi, Malimi wa Budeba, fomu foo nzima kichwani. Mzee Jailos, Msafwa aliyeshuka kutoka Ilomba na miche yake, aliloweka majani wiki tatu katika shimo mbali na maji ya kunywa, kisha maji machafu ya shimo akayamwaga jalalani. Kamba zake zilitoka za kahawia, ngumu, nzuri. Mimi nilitaka nyeupe. Kitabu cha shule kilisema: maji yanayotiririka.

"Kijana, mkonge hauoshwi mahali watu wanapokunywa," aliniambia. "Una povu lisilo na adabu."

"Basi mzee, samaki nao waoge."

Alicheka. Kicheko kile kinanisumbua hadi leo, maana alidhani natania.

Mwaka huo wa 1976 kiangazi kiliubana mfereji tuliokuwa tukinywa maji yake, ukabaki kama utepe. Nilizamisha mafungu sita nyuma ya matete, nikayakandamiza kwa mawe. Siku ya tano kambare walielea matumbo juu, maji yakanuka kama yai viza, ndama wawili wa jirani yetu Shija wakayanywa, wakafa. Nikayaopoa majani yangu, nikayafukia.

Kijiji kilimjua mlowekaji mmoja tu.

Mkutanoni mwenyekiti akanipa daftari. Nani mwingine angeandika? Nikaketi, meza mbele, ukuta nyuma, watu wamejaa mpaka mlangoni, na kila neno likapitia vidoleni mwangu: Jailos ameharibu maji. Jailos anyang'anywe shamba. Jailos arudi kwao. Mzee mwenyewe alisema tu kwamba shimo lake lilikuwa kavu tangu Juni, waende wakaone. Hakwenda mtu. Hilo nililiandika kwa herufi ndogo.

"Kuna mwenye neno?" mwenyekiti akauliza. Nami nikaanza kupiga mstari wa kufungia.

Damari, mke wa Jailos, akasimama.

"Mstari huo umeuwahisha, baba. Andika: Damari alikwenda kuteka maji Jumanne asubuhi. Akamwona kijana kwenye matete, anakandamiza majani ya mkonge kwa mawe, anapiga mluzi."

Niliandika. Kalamu ilikwama kwenye mluzi.

"Jina lake?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi sikusoma, mwenyekiti," akasema Damari, macho yake kwangu. "Nilikuwa namngoja mwandishi. Yeye anazijua herufi zake zote."