Marehemu Haolewi

Wymond alipiga sururu ya kwanza ukutani, jiwe likatikisika, na paka akaruka kutoka mapajani mwa Hawise.

Mwaka wa sita huu Hawise yumo katika kile chumba kilichobandikwa ubavuni mwa kanisa, mlango umezibwa kwa mawe, dirisha moja la kutazama altare na jingine la kuongea na watu. Aliingia kwa hiari yake, aombe humo mpaka afe. Leo kaka yake, ambaye hata salamu hakuwahi kumletea, amekumbuka kuwa ana dada! Kisa? Thurstan mtengeneza ngozi amefiwa na mke, naye ameahidi kuliezeka kanisa upya, na kumpa Wymond chake, akipewa Hawise.

"Toka, dada," Wymond alisema dirishani. "Umeshaomba vya kutosha. Mwenzio anakusubiri."

"Mwambie akaoe ngozi zake!"

Jiwe likaanguka. Mwanga ukamfikia Hawise miguuni. Aliogopa, nani asingeogopa? Lakini hasira zilizidi woga.

"Padre Osbert!" aliita. "Najua uko hapo, nasikia unavyokohoa. Siku uliyoniingiza humu uliniimbia misa gani?"

Sauti ndogo ikajibu: "Misa ya wafu."

"Ukanirushia nini?"

"Udongo."

"Ulikuwa unafanya mchezo?"

"Hasha, mwanangu!"

"Basi mimi ni maiti. Umeshafungisha ndoa za maiti ngapi?"

Watu waliokuja na Thurstan kutazama wakaangua kicheko. Wymond akapandwa na mori. "Maiti gani ana mdomo hivi? Yuko hai huyu, kila mtu anamsikia!"

Lo! Hilo ndilo neno Hawise alilokuwa akilingoja.

"Rudia, kaka, wasikie vizuri. Niko hai? Basi lile konde la kando ya mto, aliloniachia baba, ukalirithi siku ile ile ya mazishi yangu, ni la nani?"

Sururu ikashushwa chini. Wymond akamtazama padre, padre akalitazama paa lake bovu. Thurstan alikuwa ameshaanza kuondoka.

Wymond akainama, akaliokota jiwe, akalirudisha mahali pake.

"Sukuma vizuri, upepo unaingia," Hawise alisema kutoka ndani. "Na kila Jumapili uniombee, kaka. Si wewe ndiye mrithi wangu?"