Mashahidi Arobaini na Mmoja wa Rahila

Mashine ya maabara ya Mbweni ilikuwa imemsingizia Rahila, na kusingiziwa na mashine ni kubaya kuliko kusingiziwa na jirani, maana jirani unaweza kumwendea mlangoni mkasemezana. Kwa miaka mitatu alikuwa akitengeneza polima kutokana na gliserini: molekuli moja yenye matawi, na kila tawi lina matawi yake, mpaka ikawa kama mlangilangi usiopata kukatwa. Aliamini kuwa ni molekuli kubwa. Mashine ikasema ni ndogo.

Rahila alijua kosa liko wapi. Mashine ile ina bomba lililojazwa chembe zenye vijitundu. Molekuli ndogo huingia kila kitundu zikazubaa humo, kwa hivyo huchelewa kutoka. Kubwa hazienei, hupita moja kwa moja. Lakini mashine ilifunzwa kazi kwa molekuli nyoofu, zilizo ndefu kama uzi. Ya Rahila ilikuwa nzito, ila imejikunja donge, ikaingia vitunduni ikachelewa pamoja na zile ndogo. Mashine haikupima uzito. Ilitazama umbo tu, kama mashangazi wa upande wa bwana harusi.

Kulikuwa na njia mbili za kuisuta. Ya kwanza ni taa inayopenyeza mwanga ndani ya maji ya polima na kupima unavyotawanyika, na taa hiyo iliungua tangu Shaabani. Ya pili ni mrija wa kioo: polima nyoofu hujisokota ikapita kwa tabu, yenye matawi huteleza. Mrija ulianguka sakafuni Alhamisi. Na Jumamosi asubuhi Bwana Moiz, mwenye maabara, alikuwa anakuja kuona ushahidi. Alishasema waziwazi kwamba bila ya ushahidi besheni zima la polima ile litamwagwa na kazi ya Rahila itafungwa.

Rahila alilia kidogo, akanawa uso. Ijumaa baada ya sala alichukua besheni lake, na kopo la polima nyoofu ya uzito uleule, akaenda Kikwajuni kwa mjomba wake Machano, ambaye alikuwa akipika halwa kwa miaka arobaini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nini hichi?"

"Nataka unambie kipi kinavuta na kipi hakivuti."

Machano hakuuliza zaidi, kwani hilo kwake lilikuwa swali la maana kuliko yote duniani. Alichovya mwiko wake mrefu katika kopo, akauinua, nyuzi zikaning'inia mpaka magotini. Akauosha, akachovya katika besheni. Kitu kilishuka chote kwa pamoja, bila ya uzi hata mmoja.

"Hichi kizito," alisema, "lakini hakishikani na mwenziwe. Kimejishika chenyewe."

Rahila alitaka kuubusu ule mwiko. Wataalamu wote aliowahi kuwasikia hawakulieleza jambo lile vizuri vile. Lakini neno la mjomba mmoja si ushahidi. Akaliacha besheni pale pale, akakimbilia Darajani kutafuta mrija wowote wa kioo.

Alirudi baada ya Alasiri, mikono mitupu. Besheni halikuwepo.

"Wameshalichukua watu wa nikaha," alisema Machano, halafu akajisikia anavyosema, akakaa chini.

Mkono wake ulikuwa umefanya wenyewe ulichofanya miaka yote. Ulilainisha juu kwa mgongo wa mwiko uliorowa, ukanyunyiza iliki na lozi. Na jikoni kwa Machano, kilichotiwa lozi kimekwisha, hubebwa. Halwa ya kweli ilikuwa bado inatokota sufuriani, haina mwenyewe.

Rahila alikimbia mpaka msikitini. Watu hawatadhurika, hilo alilijua. Alishaionja polima ile mwenyewe mara nyingi, ilikuwa tamutamu kidogo. Lakini ilikuwa kazi yake yote, na haikuwa na pacha. Alipofika dirishani, ndoa ilikuwa imeshafungwa na sahani zinazunguka. Halwa ya nikaha hairudishwi. Anayeikataa amemtukana baba wa bibi harusi mbele ya watu. Basi wanaume wazima walikuwa wakitia mdomoni miaka yake mitatu na kutafuna kwa adabu.

"Halwa laini hii," alisema mzee Makungu, ambaye hakuwa na jino hata moja. "Leo haijanikamata ufizi."

"Nzito mkononi," alisema shekhe kwa tahadhari, "lakini mdomoni haikai."

Kisha Rahila akasikia sauti anayoijua. Bwana Moiz alikuwa safu ya pili. Baba wa bibi harusi alikuwa mtunza ghala wake. Alichota tonge kwa vidole vitatu, akaliinua, akasubiri uzi ukatike. Uzi haukuja.

"Ajabu," alisema. "Haivuti hata kidogo. Ukiitazama ndogo, kumbe tonge zito."

Rahila aliwahesabu walaji: arobaini na mmoja. Akatoa daftari mkobani, akaanza kuandika majina.

Jumamosi Bwana Moiz alifika maabara saa tatu. Aliuliza ushahidi uko wapi, akapewa daftari. Alisoma taratibu: jina, vidole vingapi, urefu wa uzi, maneno ya mlaji. Urefu wa uzi ulikuwa sifuri kuanzia juu mpaka chini. Alipofika wa kumi na saba aliweka kidole juu ya jina.

"Huyu ni mimi."

"Naam."

"Huwezi kuniondoa?"

"Nikimwondoa shahidi mmoja, Bwana Moiz, kipimo chote kimeharibika."

Bwana Moiz angeweza kusema kuwa mashahidi wote walidanganya. Lakini hapo angekuwa naye kadanganya, tena nikahani, mbele ya baba wa bibi harusi. Akatoa kalamu, akatia saini mwaka mzima mwengine wa kazi, na taa mpya juu yake.

Mlangoni aligeuka, mkono tumboni.

"Sasa hii itatoka lini?"

Rahila alilifikiria swali lile kwa uaminifu wote wa kazi yake.

"Zilizojikunja," alisema, "huchelewa."