Nyasi Chini ya Friji

Duka la Muhidini pale Bukoba lilikuwa duka la vitambaa, sufuria na sabuni, na watu walikuwa wameridhika nalo. Kahawa ilipopanda bei, mwaka wa hamsini na tatu, tajiri akaingiwa na tamaa. Meli ikamshushia cherehani, ikamshushia redio, halafu friji nne za mafuta ya taa, nyeupe, ndefu kuliko mtu. Na nani aziuze? Eti Nathanael Buberwa, mtu aliyepima khaki na kitambaa cha magauni kwa yadi miaka kumi na miwili! Friji aliiona kwa mara ya kwanza siku ile ile aliyoambiwa yeye ndiye fundi wake.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, lakini Nathanael alisoma shule ya misheni, Kiingereza alikijua. Mstari wa tatu ulisema wazi: friji ikae juu ya sakafu tupu, mbali na kitu chochote kinachoshika moto, maana chini yake taa huwaka usiku na mchana. Aliusoma mara mbili. Asije mtu akasema hakujua.

Mteja wa kwanza alikuwa Mwijage wa Muleba, mwenye kibanja kikubwa cha kahawa. Mama yake, Bibi Kokuhirwa, alikuwa hainuki kitandani. Chakula chake kilikuwa maziwa tu, na maziwa yakichacha alishinda na njaa. Mwanawe alikuwa na nyumba ya bati, ila bibi aligoma kuhamia huko. Hatoki, alisema, katika msonge wa nyasi aliouingia akiwa bibi harusi. Basi friji ikapakiwa kwenye lori kumfuata bibi msongeni, na Nathanael akaenda nayo.

Klaudia, mke wa Mwijage, alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alikata nyasi mbichi akazitandika msonge mzima, nene, zinanukia, kama Wahaya wanavyompokea mgeni wa heshima. Wabebaji wakaitua friji juu ya nyasi hizo.

Nathanael akasita. Sema, mtu wewe, sema! Lakini Mhaya gani anaingia nyumba ya watu na kumwambia mama mwenye nyumba azoe nyasi alizomtandikia? Tena alikwisha letewa kahawa ya kutafuna, na Klaudia alikwisha piga magoti kumwamkia. Aibu ikamziba mdomo. Akawasha utambi, akafuta vumbi kwenye mlango wa friji.

"Imekaa vizuri, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya.

"Asante, mwanangu," Klaudia akajibu, anacheka kwa furaha. "Sasa mama atakunywa maziwa mazuri."

Nyasi zikakauka. Siku ya tisa, mchana kweupe, Klaudia akiwa kibanjani anakata ndizi, msonge ukashika moto. Watu walikuja mbio na maji, lakini nyumba ya nyasi haingoji mtu. Bibi Kokuhirwa aliungulia kitandani pake.

Habari zilipofika dukani, Muhidini alimwita Nathanael.

"Uliwaambia waondoe nyasi? Kama hukuwaambia, kazi huna, na polisi utajibizana nao mwenyewe."

"Niliwaambia, bwana."

"Basi nenda msibani ukaseme hivyo."

Akaenda, miguu mizito, na njia nzima alikuwa anajichukia. Alikuta wanaume wa ukoo wamekaa migombani, na Klaudia yuko katikati yao, viganja vimeungua kwa kujaribu kuingia motoni. Ishengoma, kaka mkubwa wa Mwijage, alikuwa anamshambulia: nani alitandika nyasi? Nani alikuwa anaangalia utambi?

Klaudia alipomwona Nathanael uso ulimchangamka. "Huyu hapa fundi! Mwanangu, waambie. Uliniambia niziondoe?"

Kila mtu akamgeukia. Nathanael akawawaza watoto wake kule Kahororo. Akaiwaza jela.

"Nilimwambia," akasema.

Loo! Na hakupepesa hata macho, mshenzi yule.

Ishengoma akamwambia Klaudia afunge vitu vyake, arudi kwa kaka zake Kaagya leo hii. Mwijage akatazama chini. Klaudia naye hakubisha. Alimtazama Nathanael kwa muda mrefu, anajitahidi kukumbuka.

"Basi sikusikia," akasema polepole. "Labda furaha ilinizidi. Usisumbuke, mwanangu, wewe ulisema. Mama nimemuua mimi."