Ethi ya Marehemu Primus

Jumanne saa nne asubuhi, fundi Wenseslaus kutoka mtaa wa Soweto, mjini, alikuwa juu ya bati la nyumba ya Mektrida, huko Kibosho, akikaza skrubu ya mwisho ya paneli ya sola. Alikuwa ameielekeza kaskazini, upande wa mlima, na kuiinamisha kidogo ili mvua iisafishe. Chini, Mektrida alikuwa anasoma karatasi ya maelekezo. Alikuwa amejifunza kusoma miaka miwili iliyopita katika darasa la watu wazima pale parokiani, na tangu hapo hakuruhusu karatasi yenye maandishi ifungiwe maandazi kabla hajaimaliza.

"Mama Gladys, hiyo iache tu," fundi alisema akishuka ngazi. "Mimi kazi hizi nazifanya nimefumba macho."

"Ndiyo maana naisoma, baba. Angalau mmoja wetu awe amefumbua."

Majirani walimshangaa. Jumamosi ukoo ungekutana kuamua kama mjane huyo aendelee kukaa katika kihamba cha mumewe, shamba la urithi lenye nyumba yao, naye anafunga umeme! Mektrida alijibu kwamba mtu anayehama hafungi umeme. Aliyetaka ahame ni Valerian, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mwenye nyumba nzuri Shirimatunda na huruma nyingi kupita kiasi. Kwa maoni yake, mwanamke aliyezaa binti mmoja asisumbuliwe na migomba na kahawa, apumzishwe. Mektrida alipoeleza kwamba Primus, kabla ya kufa, alimwachia yeye nyumba na kihamba, wazee walisikitika kwamba hakukuwa na shahidi.

"Laiti angelisema mwenyewe mbele yetu," alisema mzee Nikodemo, mwenyekiti wa ukoo. "Nani angempinga?"

Karatasi ilisema betri iunganishwe kwanza na kidhibiti chaji, kisha paneli. Wenseslaus, aliyekuwa ameanza na paneli, alifungua nyaya akaanza upya. Mwisho ilisema kwamba fimbo ya shaba ya ethi ipigiliwe ardhini mahali penye unyevu wa kudumu, ili radi ikija ipite huko, isipite ndani ya nyumba.

Kiangazi kilikuwa kimekausha kihamba chote. Mahali pamoja tu ndipo palipokuwa na unyevu wa kudumu: chini ya migomba, kwenye kaburi la Primus, ambako wanaukoo walimwaga mbege, pombe ya ndizi, kila Jumamosi baada ya kuhakikisha kwamba padri hayuko njiani. Katika miaka yake mitatu ya kuzikwa, Primus alikuwa amekaribishwa mbege nyingi kuliko katika miaka hamsini ya kuishi. Fundi alipiga nyundo mara tisa, fimbo ikazama yote. Akafunga waya wa kijani na njano, akauunganisha na fremu ya paneli, na kidhibiti, na redio ya sebuleni.

Redio ilipowashwa, ilikohoa.

"Mama Gladys," Primus alisema, "fundi amekaza vizuri ile klipu?"

"Amekaza."

"Shikamoo, mzee," Wenseslaus aliisalimu redio, kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri.

"Marahaba. Hiyo fyuzi uliyoweka ni ndogo."

Fundi aliitazama. Ilikuwa ndogo kweli. Akaibadilisha, akaaga.

Kuanzia siku hiyo Primus aliongea karibu bila kupumzika. Aliuliza habari za Gladys, za ng'ombe, za bomba la maji lililokuwa likivuja alipofariki. Lilikuwa bado linavuja.

Jumamosi saa tano wazee waliketi uani. Mektrida aliitoa redio nje pamoja na waya wake na kuiweka juu ya kiti. Primus aliwasalimu wote kwa kufuata umri wao, kisha akasema aliyokuwa nayo. "Nyumba ni ya Mektrida. Kihamba ni cha Mektrida, na baada yake ni cha Gladys. Kaka Valerian, ulikuwapo nilipotamka. Ulikuwa unakunywa mtori, ukaomba uongezewe."

Valerian alitikisa kichwa kwa upendo. "Ni yeye kabisa. Hata mtori anaukumbuka."

Hakuna aliyebisha kwamba ni yeye. Mzee Nikodemo alimshukuru kwa kuhudhuria, akaeleza kwamba, kwa bahati mbaya, mwaliko wa kikao ulitolewa kwa walio hai. Mzee mwingine aliongeza kwamba marehemu ni mume wa mlalamikaji, kwa hiyo angeweza kumpendelea.

"Shemeji, usinielewe vibaya," Valerian alisema. "Primus nampenda. Lakini amekaa chini miaka mitatu. Mambo ya huku juu yamempita."

"Wiki iliyopita mlimmwagia mbege mkamwomba mvua," Mektrida alisema. "Mambo ya mvua hayajampita?"

"Mvua ni jambo jingine. Mvua haina hati."

Primus alianza kujibu. Lakini wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, na betri ilikuwa imechoka kwa mazungumzo ya siku nne, hivyo kidhibiti kikakata umeme ili kuilinda, kama kilivyotengenezwa kufanya. Muhtasari ukaandikwa papo hapo: "Marehemu alipewa nafasi ya kutosha, akanyamaza mwenyewe."

Mektrida aliusoma neno kwa neno. Alisema kwamba hilo la mwisho si kweli.

"Kisomo kimekusaidia sana, shemeji," Valerian alimsifu, akampa kalamu atie sahihi. Hakutia. Waliandika kwamba amekubali kwa ukimya kuhama.

Mektrida na Gladys walihamia chumba cha kupanga Soweto. Sola na redio vilibaki, kwa kuwa vilikuwa vimeunganishwa na mwanaukoo. Siku hizi wazee hukutana mbele ya redio kila Jumamosi yenye jua. Primus amewaonyesha mahali ambapo mimea ya masale ya mpaka iling'olewa kwa siri, na miche ya kahawa yenye ugonjwa kabla majani hayajabadilika rangi. Hajakosea hata mara moja, na husifiwa kuliko alipokuwa hai.

Kila kikao hukifungua yeye.

"Nyumba ni ya Mektrida," husema.

"Aika mbe, tumekusikia," hushukuru mzee Nikodemo, na kikao huendelea na ajenda ya pili.