Ndoo ya Maji ya Bondeni

Gideoni alikuwa amemsifia mkewe mji wa Newala mpaka ukawa kama ahadi. Mji mdogo wa mpakani, alisema, umekaa kaskazini mwa Ruvuma, ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu. Ukisimama pale kwenye genge la Shimo la Mungu unauona mto chini kama uzi, na Msumbiji ng'ambo. Hewa baridi, mitaa safi, watu wakarimu. Hilo la watu wakarimu alilisema huku akimtazama mtoto, si mkewe.

Ethel hakwenda kutazama mto. Miaka mitatu alikuwa akisoma darasa la jioni Masasi, masomo yote ameyapata, limebaki la Hisabati tu, na karatasi hiyo angeifanyia Newala, Jumatatu saa mbili asubuhi. Kwenye chumba cha mtihani huingii na mtoto mgongoni. Cecil alikuwa na miezi minane, na mtu wa kumwachia mji mzima alikuwa mmoja: Yuster, dada mkubwa wa Gideoni.

Ethel alifika Jumamosi asubuhi. Akapiga goti, akaamkia. Yuster aliitika marahaba akiwa ameshageuka.

"Kumbe siku hizi wanafunzi wananyonyesha," alisema. "Mimi, Mama Cecil, mwaka huu sijajifungua. Mtoto mtafutie mlezi wako."

Begi halijawekwa chini bado.

Nyumba ile ilikuwa nzuri, jamani, imepakwa chokaa, na michongoma imekatwa sawasawa kama nywele. Uani palikuwa na kisima cha mvua, shimo la saruji linalopokea maji kutoka bati la nyumba, mfuniko wake una kufuli. Novemba hii kilikuwa kimebakiza maji ya kufika magotini, na mabomba ya mtaani yalikuwa makavu. Yuster alimpa ufunguo achote ndoo moja ya kupikia. Ethel, ambaye kwao bomba liko uani, akachota ya pili akafua nepi za safari.

Wifi yake hakupiga kelele. Alizitazama nepi kwenye kamba, akazihesabu kwa sauti, moja mpaka tisa, kisha akawaambia majirani juu ya ua kwamba mke wa mdogo wake ni msomi, anafulia maji ya kunywa. Majirani wakacheka.

Kwa hiyo Jumapili, Yuster alipokwenda kanisani, Ethel aliazima ndoo, akamfunga Cecil mgongoni kwa kanga, akashuka na wanawake wengine njia ya bondeni mpaka kwenye chemchemi. Kushuka ni kushuka tu. Kupanda, na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, alipumzika mara nne, akimwimbia mtoto majedwali ya kuzidisha. Alifika, ufunguo uko ndani, akafungua kisima, akamimina ndoo nzima. Alijisikia mwepesi. Sasa angeweza kumwomba wifi tena amshikie mtoto.

Yuster alirudi, akaona tope kwenye mfuniko. Akachota kikombe, akaonja, akatema.

"Haya maji umeyatoa wapi?"

"Bondeni, wifi. Nimerudisha yale ya jana."

"Umerudisha." Aliketi pale pale kwenye saruji na nguo zake za kanisani. "Maji ya bondeni wanaoga watu, yanakanyagwa na mbuzi. Umeyatia kwenye maji ya mvua ya mwezi wa nne niliyokuwa nakunywa kwa kikombe. Hujauliza. Darasani hawafundishi kuuliza?"

Ethel alilia akiwa ananyonyesha, kichwa ameinamisha ili machozi yasimdondokee mtoto.

Jumatatu alfajiri alimkuta Yuster jikoni anakunywa chai ya maji ya kisima, imegeuka rangi ya udongo. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na jagi la maji meupe yaliyochotwa kabla ya ile ndoo, limefunikwa sahani, halijaguswa. Kijiko cha Cecil kilikuwa juu ya sahani.

Ethel alilitazama lile jagi kwa muda. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamketisha mkekani karibu na miguu ya wifi yake.

"Nachelewa, wifi. Uji wake upo kwenye chupa."

"Sijakubali."

"Najua."

"Ukirudi, begi lako utalikuta nje."

"Sawa, wifi. Nitalichukua."

Akachukua kalamu na rula, akatoka. Cecil akaangua kilio kabla mama hajafika kwenye ua, kilio kama cha kumwita kwa jina, na maziwa yakamchuruzika Ethel ndani ya blauzi. Hakugeuka. Angegeuka, asingefika.

Alikuwa barabarani aliposikia sauti ya Yuster, kali ileile, ikipita juu ya michongoma.

"Nyamaza wewe. Mama yako ana mtihani."