Dirisha Lililokataa Kukaa Nyuma

Saa tatu na robo asubuhi, Kasi alikuwa anaijibu barua pepe ya hospitali moja, mteja wao, dirisha lilipojileta mbele tena. Lilikuwa la ile programu inayotunza historia ya kazi yao ofisini: nani kabadili nini, siku gani. Likaifunika barua, likafunguka palepale pa siku zote: Jumanne, orodha ya wagonjwa mia nne wanaosubiri upasuaji imefutwa. Aliyefuta: Mama Pacha. Na herufi zote alizobonyeza Kasi zikaangukia humo, zikaandika, "Ni mimi."

Ni yeye kweli. Siku ile kompyuta yake ilikuwa inajivuta, akatumia ya Mama Pacha aliyetoka kwenda kunyonyesha, akafuta asichokijua, na programu ikaandika jina la mwenye kompyuta. Mama Pacha alifukuzwa Ijumaa. Kasi alimbebea vitu vyake hadi getini, tena akampa pole. Pole, jamani!

Fundi wa kompyuta alikuja na kikombe chake cha chai. Akazima arifa, akaisakinisha programu upya, akazima na kuwasha mashine. Akakaa yeye, dirisha likatulia nyuma. Akakaa Kasi, likaja mbele.

"Linakufuata wewe, bwana," fundi alisema. "Mashine haina neno."

Akajaza fomu: Kompyuta ni nzima. Mtumiaji ana hatia. Tatizo limefungwa.

Bosi aliisoma akiwa amesimama, akatia saini. "Mpeni skrini ya pili, dirisha likae huko. Kazi zisilale."

"Na Mama Pacha?" Kasi aliuliza.

"Nafasi yake ilishajazwa. Tusifukue mambo."

Kasi akashukuru. Alijichukia papo hapo, lakini alikuwa ameshashukuru.

Skrini ya pili ilisaidia. Kazi zilikwenda, mradi tu asiandike jina la Mama Pacha. Wiki iliyofuata mwenyewe akapiga simu.

"Mdogo wangu, kuna mahali nimeomba kazi. Wanataka barua ya mtu aliyefanya kazi na mimi. Nimeona sina mwingine ila wewe."

"Usijali, dada. Leo hii hii."

Akaanza kuichapa. Alipofika kwenye jina, dirisha likavuka kutoka skrini ya pili, na herufi zote zikakimbilia humo: ni mimi, ni mimi, ukurasa mzima. Moyo ulimuuma. Akazima kompyuta, akaazima kalamu kwa fundi, akamsifu Mama Pacha kwa mwandiko safi kabisa: mchapakazi, mpole, mwaminifu, kwa miaka sita alikosea mara moja tu.